Sauti inaniishia kabla ya adhuhuri, naomba ushauri

Jamani, mimi ni mtaalamu wa tiba ya usemi hapa Malindi, nahudumia watoto. Dirisha letu liko barabarani. Tuktuk zikipita napaaza sauti, mtoto akisema "ba-ba-ba" narudia naye. Ikifika adhuhuri nawika kama jogoo mgonjwa.

Tunayowaambia wagonjwa nayajua: maji kidogo kidogo, usikohoe kusafisha koo, usinong'one ukidhani unapumzisha sauti. Asubuhi navumisha sauti kwa mrija ndani ya glasi ya maji, mapovu yakitoka. Lakini mtoto mmoja akitoka mwingine anaingia: nyinyi mnapumzisha sauti saa ngapi? Na kipaza sauti cha kuvaa, watoto hawakichezei?

Miadi ya daktari wa koo ninayo tayari, kwa hiyo msinielekeze huko.