Nimeuziwa vijisanamu vya rezini mbichi, mpwa wangu kavimba mikono, na muuzaji ananijibu "paka rangi tu"

Wadau, sina desturi ya kufungua nyuzi za malalamiko. Ila hili limenifika kooni, na nikilinyamazia kuna mtoto wa mtu mwengine atadhurika kama alivyodhurika wa kwetu.

Mimi ni fundi wa nakshi, nachonga milango hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Jioni nikishafunga karakana tunakaa watu watano sita na mchezo wetu wa vita wa mezani: vijisanamu, rula, dadu, na meza iliyojengwa kama nchi yenyewe. Miaka miwili sasa tunatengeneza vita vya Shela. Kila aliyelelewa Lamu amesimuliwa habari zake. Mwanzoni mwa karne ya 19 watu wa kisiwa cha Pate na Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, walishuka Shela waje wautwae mji, wakapigwa, wakarudi mbio pwani wakakuta maji yametoka na vyombo vimekaa mchangani. Hapo ndipo walipouawa wengi. Baada ya ushindi ule ndipo wazee wetu wakamwendea Seyyid Said wa Omani awalinde. Hii ni historia yetu, na dukani sijapata kuona boksi la wapiganaji wa Kiamu. Mchina yupo, Mrumi yupo, mazimwi yapo ya kila rangi.

Kwa hiyo meza nilitengeneza mwenyewe, kwa vipande vya mbambakofi vilivyobaki kwenye milango. Mchanga niliuchota Shela penyewe, nikaupepeta, nikaubandika kwa gundi ya mbao. Vikabaki watu na vyombo. Nikampata muuzaji mtandaoni, yuko bara, jina lake siliweki hapa. Tukakubaliana: wapiganaji 36 wa milimita 28, wenye majambia, mikuki na bunduki za fatila, pamoja na mitepe miwili, vyombo vyetu vya baharini vya zamani. Shilingi 18,600, zote mbele. Tangazo lake lilisema wazi: "Rezini ya kumimina kwenye kalibu, imeoshwa, tayari kwa gundi." Ninayo picha ya tangazo hilo.

Mzigo ulikuja kwa basi mpaka Mokowe, ukavuka kwa boti. Nilipofungua boksi kilichonipokea mwanzo ni harufu, kali, ya kukwaruza puani. Nikachukua mpiganaji mmoja, akaninata kidoleni. Nilipomweka chini, alama za kidole changu zilikuwa zimepigwa mgongoni mwake kama muhuri.

Kwa wasioijua kazi hii nieleze, maana hapa ndipo tulipodanganywa. Vijisanamu vya rezini, yaani plastiki inayoanza kama maji ikagandana, ni vya namna mbili. Kuna vya kumimina: rezini ya poliyurethani, vimiminika viwili vinachanganywa, vinamwagwa kwenye kalibu ya silikoni, vinagandana vyenyewe. Hivi vinakuja na mstari pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, na kisiki pale rezini ilipoingilia. Huwa vina mafuta ya kalibu juu yake, unaviosha kwa maji vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, basi. Namna ya pili ni vya printa ya 3D, ambapo rezini ya maji inagandishwa kwa mwanga, tabaka juu ya tabaka. Hivi vikitoka kwenye printa bado ni vibichi. Lazima vioshwe kwa alkoholi ya isopropili, vikauke, kisha viwekwe kwenye taa ya miale ya urujuanimno, ya nanomita 405 kwa kawaida, mpaka viive. Nasema viive kwa makusudi. Mkate wa mofa ukiutoa tanurini kabla ya wakati, nje ni mkate na ndani ni unga, na hakuna anayekuuzia akakwambia pakaa samli tu.

Vyangu ni vya printa. Sikuhitaji mtaalamu kunambia. Geuza mpiganaji, tazama chini ya kanzu: chunusi, chunusi, chunusi, mahali vilipokatwa vijiti vya kumshikilia. Mwegemeze kwenye taa, mabegani unaona mistari ya tabaka kama pete za mti. Kalibu haiachi alama hizo. Na mimi sina ugomvi na printa, nimewahi kuona kazi za printa nzuri kuliko za kumimina. Ugomvi wangu ni kuuziwa kitu kingine, tena kibichi, bila kuambiwa neno.

Sasa mpwa wangu. Ana miaka 15, ni mtoto wa dada yangu, ana mkono mtulivu na nilikuwa nataka ajifunze. Siku mbili alikaa na mimi akikwangua chunusi kwa kisu kidogo na kupiga msasa. Nilimwuliza muuzaji kwa ujumbe kama kuna tahadhari yoyote, akanijibu: "Hapana, piga msasa mkavu tu, inaenda haraka." Mkavu! Vumbi la rezini halifai kuvutwa hata kama rezini imeiva. Msasa wa kazi hii unaloweshwa maji ili vumbi libaki kwenye maji, na barakoa unavaa. Hayo nayajua kwa mbao, nikayafanya kwa rezini, barakoa tulivaa na msasa niliulowesha. Nilichokosea ni glavu. Niliamini maneno ya "imeoshwa, tayari kwa gundi", nikamwacha mtoto ashike kwa mikono mitupu.

Siku ya tatu dada akapiga simu usiku. Vidole vya mtoto vimekuwa vyekundu, vimevimba, kati ya vidole pametoka malengelenge, hawezi kushika kalamu. Tukampeleka kwa daktari. Alipoambiwa rezini akauliza mara moja kama ilikuwa inanata. Akatueleza kwamba rezini ya namna hii ikiwa mbichi huiudhi ngozi, na ngozi ikishaanza kuikataa huenda ikaikataa maisha. Mtoto ambaye alikuwa ameshapanga kuwa fundi wa vijisanamu ameambiwa asiiguse tena. Hasira zangu zimeanzia hapo. Pesa ni jambo la pili.

Nikampigia muuzaji. Majibu yake nayaandika kama alivyoyatoa, kwa mpangilio wake.

La kwanza: "Hiyo ni kawaida ya rezini, kaka. Paka rangi tu." Nilipaka. Mpiganaji mmoja, praima nyembamba (rangi ya kutangulia), nikamwacha siku mbili kivulini. Baada ya siku mbili kidole bado kinaacha alama, na ukucha ukipita praima inavuka kama ngozi ya maziwa. Rangi juu ya rezini mbichi haishiki, na ubichi uliofungiwa chini yake unabaki palepale.

La pili: "Ni joto la huko kwenu Lamu." Hili liliniuma zaidi, maana ni kututupia sisi kosa lake. Ndiyo, joto linapinda vitu vyembamba. Mikuki sita ilifika imepinda kama ndoana, na sikulalamika kwa hilo. Unaichovya kwenye maji ya moto mpaka ilegee, unainyoosha, unaitia kwenye maji baridi inashika umbo. Mingine niliikata kabisa nikaweka waya wa shaba nyeupe, ambao hauvunjiki mtoto akiuangusha. Lakini joto halifanyi rezini kunata wala kutoa majimaji. Kinachoivisha ni mwanga, na kama ni mwanga wa jua basi Lamu tungekuwa tumeziivisha mpaka za majirani.

La tatu: "Mbona wengine hawalalamiki?" Baada ya hapo anasoma ujumbe na hajibu.

Bado sijafika kwenye mtepe. Nilikuwa nimeisubiri mitepe ile kuliko kitu chochote. Mtepe ni chombo chetu cha zamani cha kushonwa kwa kamba, hakikuwa na msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mchongaji wa kompyuta alikuwa ameifanyia haki, mishono ya kamba ilionekana ubavuni moja moja. Niliuweka mmoja rafuni, mbali na watoto. Wiki ya tatu asubuhi nikakuta ufa umepita chini ya tumbo, kutoka omo hadi tezi, na ute wa manjano umechuruzika mpaka kwenye ubao wangu wa mbambakofi.

Nikavaa glavu, nikachukua keekee na ncha ya milimita 3, nikatoboa sehemu ya chini. Kikatoka kiasi cha nusu ya kikombe cha kahawa. Chombo kilikuwa kimeprintiwa kitupu ndani ili kuokoa rezini, hakuna tundu la kutolea maji, na rezini ya ndani haikuona alkoholi wala taa tangu izaliwe. Mwanga hauwezi kupenya humo. Majimaji yakafungiwa, taratibu yakaupasua mwili kutoka ndani. Matundu mawili madogo na msukumo wa alkoholi ndani vingeyamaliza yote. Kazi ya nusu saa! Mtu amechukua shilingi 18,600 akashindwa nusu saa.

Na uchafu huo naupeleka wapi? Mitaro yetu ya vichochoroni yote inashuka baharini, na rezini mbichi ni sumu kwa viumbe wa majini. Siwezi kumwaga. Nimeyatia kwenye chupa ya kioo nikaiweka juu ya dari, juani, yagande ndipo niyatupe kama taka ngumu. Alkoholi niliyooshea nayo nimeitega hivyohivyo. Kwa hiyo dari ya nyumba yangu sasa ni jaa la mtu wa bara.

Vya kuokoa nimeokoa. Wapiganaji 11 nimewaosha upya, nimewaanika juani nikiwageuzageuza mpaka unato ukaisha, mikono niliyounganisha nimeitoboa na kupitisha kipande cha waya ndani, kwa sababu supagluu inashika juu juu tu, haiyeyushi rezini. Ile gundi ya vijisanamu vya plastiki aliyoniuzia pamoja na mzigo, shilingi 850, haifanyi kazi kabisa kwenye rezini, maana inashika kwa kuyeyusha plastiki. Na yeye ni muuzaji wa vitu hivi, alijua. Mianya ya mabegani nimeijaza puti. Siku za unyevu supagluu inagandana kabla hujaweka sawa na kuacha utando mweupe kama chumvi, nimeufuta kwa subira. Hao 11 ni wazuri, nasema kwa haki. Aliyewachonga ni fundi, aliyewaprinti na kuwauza ndiye aliyeiharibu kazi ya mwenzake.

Tulikuwa tuiweke meza hii dakani, hapo mlangoni pa nyumba, wakati wa Tamasha la Utamaduni watoto waone Shela ilikuwaje. Jeshi la watu 11 na mtepe mmoja uliopasuka halioneshi kitu.

Kwa wanaonambia niachie Mungu: Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, kupewa maelezo anayoyahitaji, kulindwa afya na usalama wake, na kufidiwa akipata hasara au madhara kwa sababu ya kasoro. Yote manne yamevunjwa kwenye boksi moja. Ninachotaka ni shilingi zangu 18,600 na 850 ya gundi, gharama ya daktari, na tangazo lake libadilishwe leo, aandike kwamba ni vya printa na kwamba vishikwe kwa glavu. Akilipa lakini tangazo likabaki lilivyo, sijatosheka.

Ombi langu kwenu. Aliyenunua vijisanamu vya rezini miezi ya karibuni, kutoka kwa yeyote, avitoe sasa hivi. Vaa glavu kwanza. Kibonyeze mahali palipojificha, kwapani au chini ya kanzu. Kikinata, ni kibichi. Kinuse. Kama ni kikubwa, chombo au mnyama, kitafute tundu chini. Kama hakina tundu na ni chepesi kuliko ukubwa wake, usikiweke karibu na watoto na usikipake rangi. Wekeni picha hapa chini na mseme mlinunua lini. Namba ya muuzaji wangu nitampa faraghani atakayetaka kulinganisha risiti, na nikishapata watu watatu nakwenda kushtaki.