Kuokoa data za MySQL 5.0 kutoka diski ya Windows Server 2003 kwenda seva mpya ya Ubuntu

Mhasibu wa Buguruni

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada kwa jambo ambalo limeninyima usingizi tangu wiki iliyopita. Mimi ni mhasibu wa chama kidogo cha akiba na mikopo hapa Buguruni, Dar es Salaam, na kwa kuwa ndiye mdogo kwa umri ofisini, kila kitu chenye waya hukabidhiwa mimi. Kumbukumbu zote za wanachama, yaani hisa, akiba, mikopo na marejesho, zilikuwa kwenye kompyuta moja ya zamani yenye Windows Server 2003, ikiwa na MySQL 5.0, programu ya kutunzia kanzidata, na mfumo ulioandikwa kwa lugha ya PHP na kijana ambaye sasa hayupo nchini. Jumatano umeme ulikatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika chache, na mara ya tatu tukasikia harufu ya kuungua. Fundi wa Kariakoo aliifungua, akatuonyesha kapasita zilizofura kwenye bodi kuu, akasema kompyuta hiyo haitawaka tena ila diski yake ni nzima.

Nimenunua kebo ya kuunganisha diski kwa USB, na kwenye kompyuta mpya ya Ubuntu 22.04 ninaona mafaili yote. Ndani ya folda ya data ya MySQL kuna folda yenye jina la kanzidata yetu, na humo mna mafaili 38 yanayoishia na .frm, matatu ya .MYD, matatu ya .MYI na moja liitwalo db.opt. Nilinakili folda hiyo, nikaiweka ndani ya /var/lib/mysql ya MySQL 8.0 na kuanzisha seva upya, lakini kanzidata haionekani kabisa kwenye orodha. Nikajaribu MariaDB, programu iliyotokana na MySQL, kwenye kompyuta ya mpakato ya mdogo wangu. Huko majina ya majedwali yote yanaonekana, ila nikifungua jedwali la mikopo najibiwa kwa kosa namba 1932, kwamba jedwali halipo ndani ya injini. Yanayofunguka ni matatu tu, nayo ni ya mambo madogo kama orodha ya wilaya. Bakapu tuliyoifanya kila Ijumaa kwa miaka yote hii ni folda hiyo hiyo, ikinakiliwa kwenye flashi. Mkutano mkuu wa mwaka umekaribia. Je, data bado zipo au ndiyo zimekwenda?

Fundi Seva, Mwenge

Ndugu mhasibu, pole sana. Kwa maelezo yako, data zina uwezekano mkubwa wa kuwepo, ila wewe hujawahi kuzinakili.

Toleo la 5.0 lina injini zaidi ya moja za kuhifadhia majedwali. Jedwali la MyISAM huwa na mafaili matatu: .frm lenye umbo la jedwali, .MYD lenye data zenyewe, na .MYI lenye faharasa. Haya ukiyanakili, yanasafiri vizuri, na ndiyo maana majedwali yako matatu yalifunguka. Majedwali ya InnoDB ni habari nyingine. Kwenye folda ya kanzidata huacha .frm peke yake, wakati data za majedwali yote, isipokuwa mtu awe ameweka mpangilio wa innodb_file_per_table, hukaa pamoja katika faili moja kubwa liitwalo ibdata1, nje ya folda hiyo. Faili la .frm bila ibdata1 ni fomu ambayo haijajazwa. Kwa hiyo flashi zenu za kila Ijumaa zimebeba fomu tupu 35 kwa miaka yote hiyo. Nasikitika kukuambia, lakini nimeyaona haya katika ofisi nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. MySQL 8.0 nayo haisomi .frm hata kidogo, kwa sababu tangu toleo hilo maelezo ya majedwali yanatunzwa ndani ya kamusi yake yenyewe.

Hukutaja ibdata1, na ninahisi hujaiona. Fungua faili la my.ini lililo kwenye folda ya programu ya MySQL, utafute mstari wa innodb_data_home_dir. Programu ya kusanidi MySQL 5.0 kwenye Windows ilikuwa ikimwuliza mtu mahali pa kuweka data za InnoDB, na moja ya mahali ilipopendekeza ni folda iitwayo MySQL InnoDB Datafiles kwenye mzizi wa diski. Mafaili ya ib_logfile0 na ib_logfile1, ambamo miamala huandikwa kwanza, hubaki kwenye folda ya data. Yote matatu yanahitajika kwa pamoja. Usifute hata moja, kwa sababu kompyuta yako ilizimika ghafla, na huenda miamala ya dakika za mwisho imo kwenye ib_logfile na haijafika kwenye ibdata1.

Kabla ya hayo, chomoa diski hiyo. Ubuntu ukiibofya tu inaifungua kwa ruhusa ya kuandika, na hilo hatulitaki. Tengeneza taswira ya diski nzima kwa ddrescue, programu ya kunakili diski, ufanyie kazi taswira hiyo kwa kusoma tu, na diski halisi uifungie kabatini. Tena usiiache kwa fundi yeyote bila makubaliano ya maandishi. Hizo ni taarifa za wanachama, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawagusa ninyi kama inavyogusa benki.

Kisha usiilazimishe seva mpya isome mafaili ya zamani. Yape mafaili hayo seva yao ya zamani. Weka VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ya kuigiza, kwenye Ubuntu, ndani yake Windows yoyote inayokubali MySQL 5.0, na humo usakinishe toleo lile lile. Namba kamili utaikuta kwenye faili linaloishia na .err ndani ya folda ya data, kwa kuwa seva huandika toleo lake kila inapowaka, na matoleo hayo ya zamani bado yanapatikana kwenye hazina ya MySQL yenyewe. Simamisha seva, weka nakala ya folda ya data pamoja na ibdata1, halafu hakikisha innodb_log_file_size inalingana na ukubwa wa ib_logfile0 hadi baiti ya mwisho. Ukikosea hapo, toleo la 5.0 linaweza kuwaka kama kwamba hakuna tatizo, huku InnoDB ikiwa imezimwa kimyakimya, na kila jedwali litakujibu kuwa taarifa za .frm si sahihi. Watu wengi hudhani data zimeharibika, kumbe ni namba moja tu kwenye my.ini. Ikigoma kabisa kuwaka, jaribu innodb_force_recovery, mpangilio wa kuiwasha kwa dharura, kuanzia 1 na kupanda polepole. Kuanzia 4 inaweza kuharibu data moja kwa moja, kwa hiyo ifanye juu ya nakala ya nakala.

Ikiwaka, toa data zote kwa mysqldump ya 5.0 yenyewe, programu inayoziandika kama maandishi ya SQL (lugha ya amri za kanzidata), na utumie chaguo la --result-file badala ya alama ya mshale (>), maana kwenye PowerShell ya Windows mshale huo huandika faili kwa UTF-16, namna nyingine ya kusimba herufi, na Ubuntu itakukatalia. Nenosiri la root, yaani mtumiaji mkuu, likiwa limesahaulika, seva ya nakala unaweza kuiwasha kwa --skip-grant-tables, ili isiulize nenosiri.

Mzee wa Linux

Namheshimu Fundi Seva, lakini Windows ya nini? Mafaili ya InnoDB hayajali mfumo endeshi, mradi kompyuta zote mbili zinatunza namba za desimali kwa namna moja, na kompyuta za kawaida za Windows na Linux ndivyo zilivyo. Angeweza kuyaweka moja kwa moja chini ya MySQL 5.0 ya Linux, akaweka lower_case_table_names=1 kwa sababu Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo, halafu akapandisha toleo hatua kwa hatua: 5.1, 5.5, 5.6, 5.7, hadi 8.0.

Fundi Seva, Mwenge

Mzee wangu, kuhusu mafaili uko sahihi kabisa. Ila kumpata mhasibu atakayepandisha seva mara tano, na katika hatua nyingi akaendesha mysql_upgrade na kusoma makosa yake, ni kazi. Hata kuisimamisha 5.0 juu ya Ubuntu ya leo kunadai maktaba za zamani ambazo hatazipenda. Maandishi ya SQL yanavuka safari yote hiyo kwa mara moja.

Mhasibu wa Buguruni

Fundi, Mungu akubariki. Mstari wa innodb_data_home_dir ulielekeza kwenye kizigeu cha D, ambacho sikuwahi hata kukifungua, na huko nilikuta ibdata1 yenye ukubwa unaozidi gigabaiti moja. Mara ya kwanza InnoDB ilizimika kama ulivyosema. Nikapima ib_logfile0 nikakuta baiti 25,165,824, nikaandika 24M kwenye my.ini, na jedwali la mikopo likafunguka mbele ya macho yangu.

Nimetoa data na kuziingiza kwenye MySQL 8.0, lakini kuna kasoro. Wilaya ya Nyang'hwale kwenye baadhi ya safu inasomeka Nyangâ€™hwale, na majina ya wanachama wenye ng' nayo yameharibika hivyo hivyo, ingawa si wote.

Dada Takwimu

Ndugu mhasibu, hilo ni tatizo la usimbaji wa herufi, yaani namna kompyuta inavyotunza herufi kama namba, na kwetu linajificha sana, kwa sababu Kiswahili hakina alama nyingi juu ya herufi; mtu anaweza kufanya kazi miaka kumi bila kuliona, mpaka afike kwenye ng'. Nadhani majina yaliyoharibika ni yale yaliyobandikwa kutoka Word, ambayo hubadilisha kibainishi (alama ya ') kilichonyooka kuwa kilichopinda.

Rudi kwenye seva ya zamani, uangalie safu moja mbovu kwa SELECT HEX, amri inayoonyesha baiti zenyewe. Baada ya 6E67, ambazo ni herufi n na g, utaona mojawapo ya mambo matatu. Ukikuta 27, hicho ni kibainishi cha kawaida. Ukikuta 92, ni kilichopinda cha Windows, na mysqldump ya kawaida ingekigeuza vizuri. Ukikuta E28099, maana yake mfumo wa PHP ulituma baiti za UTF-8 kwenye jedwali lililotangazwa kuwa latin1, usimbaji wa zamani, na mysqldump, ikiamini tangazo hilo, ikazigeuza mara ya pili. Kwa namna ulivyoandika, ni hili la tatu.

Toa data upya kwa kuongeza --default-character-set=latin1 na --skip-set-charset, ili baiti zitoke kama zilivyo. Ndani ya faili badilisha CHARSET=latin1 iwe CHARSET=utf8mb4, ambayo ni UTF-8 kamili ya MySQL, kisha uliingize kwa --default-character-set=utf8mb4. Ikitokea umekuta 92 na E28099 zimechanganyika, rekebisha kwanza zile za 92, la sivyo maandishi hayo yanaweza kuharibika wakati wa kuingizwa.

Mambo mengine mawili kwa haraka. Tarehe za 0000-00-00 zitaingia bila shida, kwa sababu faili la mysqldump hulegeza masharti lenyewe, lakini mfumo wako ukijaribu kuandika tarehe kama hiyo baadaye, 8.0 itaikataa. Na kama mna jedwali linaloitwa groups, hilo sasa ni neno lililohifadhiwa, kwa hiyo kila swali la PHP linalolitaja bila alama za kufungia jina litashindwa.

Mhasibu wa Buguruni

Ilikuwa E28099 kweli, na hakuna 92 hata moja. Nyang'hwale sasa inasomeka sawasawa. Jedwali la groups tulikuwa nalo, nimelibadilisha jina kuwa vikundi na kurekebisha mistari iliyolitaja.

Jana nililinganisha na urari wa mwisho wa mwezi tuliokuwa tumeuchapisha: akiba sawa, hisa sawa. Mikopo ilipishana kwa marejesho mawili ya Jumatano ile, ambayo hayakuwahi kuingizwa kabla umeme haujakatika. Nimeyakuta kwenye vishina vya stakabadhi na kuyaandika kwa mkono. Bakapu ya Ijumaa sasa inatoka kwa mysqldump, na ya kwanza nimeiingiza kwenye kompyuta ya mdogo wangu nikafungua jedwali la mikopo hadi safu ya mwisho.