Msaada: kaboni ya tangi la lita 120, ninunue ya vijiti au ya chenga?

NgaluSita: Wakuu, habari za leo. Nina tangi la maji baridi la lita 120 lenye guppy na tetra, filta ni ile ya kopo inayokaa nje. Tiba ya ugonjwa wa madoa meupe kwa dawa ya malakaiti ya kijani imekwisha, samaki wamepona, lakini maji bado yana rangi ya dawa. Juu ya hapo kuna gogo linalotoa rangi ya chai. Dukani kuna kaboni amilifu (mkaa maalumu wa kuchujia maji) za aina mbili: ya vijiti vifupi, imefungwa kwenye boksi la vifaa vya samaki, na ya chenga inayopimwa kwa kilo kwa ajili ya mashine za maji ya kunywa. Hii ya kilo ni rahisi sana. Nichukue ipi, kiasi gani, na mkaa wa kupikia hauwezi kufanya kazi hiyo?

Kifuu_Cheusi: Mkuu, mkaa wa kupikia achana nao. Haujapitishwa kwenye mvuke wa joto kali unaotoboa vile vijitundu vidogo vinavyonasa uchafu. Gramu moja ya kaboni nzuri ina eneo la ndani linalofika mita za mraba 1,000. Mkaa wa jikoni hauisogelei hata kidogo, na majivu yake yatakupandishia pH (kipimo cha uasidi wa maji).

Ya chenga si mbaya kwa sababu tu ni ya mashine za maji, ila muulize muuzaji swali moja kabla hujatoa hela: imetiwa madini ya fedha? Baadhi ya kaboni za maji ya kunywa hutiwa fedha ili bakteria wasizaliane ndani yake. Kwenye tangi hiyo ni sumu kwa konokono na kamba, na inawadhuru bakteria wa filta wanaokula amonia. Asipokuwa na jibu la uhakika, au gunia halina maandishi, usinunue. Kaboni za vichujio vya hewa na gesi nazo usiguse, nyingi zimelowekwa kemikali.

BibiTetra: Naongezea kuhusu gogo, maana hapo ndipo wengi wanapoteza hela. Kaboni ya vifuu vya nazi ina vijitundu vidogo sana. Inashika vizuri klorini, harufu na molekuli ndogondogo. Tanini ya gogo, ndiyo inayotoa ile rangi ya chai, ni molekuli kubwa, haipenyi kirahisi. Kwa rangi ya chai, kaboni ya makaa ya mawe ni bora kwa sababu vijitundu vyake vina ukubwa mchanganyiko. Ile namba ya iodini wanayoandika kwenye gunia (900 kwenda juu ndiyo nzuri) inapima vijitundu vidogo tu, kwa hiyo isikupumbaze kwenye suala la tanini.

Ukipata sampuli, jipimie mwenyewe. Chukua glasi mbili za maji, kila moja tone moja la methilini bluu (dawa ya rangi ya bluu), kisha kijiko kimoja cha kila kaboni baada ya kuziosha. Koroga kila baada ya dakika chache. Itakayosafisha rangi mapema ndiyo yenye nguvu. Halafu loweka kijiko kingine kwenye maji yaliyokenekwa (distilled), yasiyo na ile bluu, kwa saa 24, upime fosfeti na pH. Kaboni iliyoamilishwa kwa asidi ya fosfori huachia fosfeti, na mwani utakushukuru kwa hilo. Kwangu kipimo hiki kina uzito kuliko jina lililo kwenye boksi.

NgaluSita: Asante sana dada. Na kiasi? Naiweka wapi ndani ya kopo?

Kifuu_Cheusi: Gramu 1 kwa lita inatosha, yaani gramu 120 kwako, kama kikombe kimoja kikubwa cha mililita 250. Osha mpaka maji yaache kuwa meusi, kisha loweka usiku kucha ili hewa itoke. Kaboni kavu huelea na maji huipita pembeni. Tia kwenye mfuko wa wavu wa nailoni, usiujaze zaidi ya theluthi mbili. Mpangilio: maji yapite sponji kwanza, kisha mawe ya bakteria, kaboni iwe ya mwisho. Ikitangulia, tope litaziba vijitundu kabla haijafanya kazi.

Chenga za milimita 1 hadi 2 ndizo nzuri. Za chini ya hapo hushikamana na kupunguza kasi ya filta. Vijiti vya milimita 4 hupitisha maji vizuri ila hunasa taratibu.

Pweza_Mkavu: Mimi ningeanza na kubadilisha maji, theluthi moja leo, theluthi nyingine baada ya siku mbili. Rangi ya dawa itapungua sana kabla hujatumia senti. Na mkuu usitegemee kaboni ikuondolee amonia, nitriti wala nitrati. Haiondoi.

BibiTetra: Kweli kabisa, kaboni imalizie kilichobaki. Itoe baada ya wiki 3 au 4. Kuikausha kwenye oveni hakuirudishii nguvu, kwani viwandani hufufuliwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 700. Siku ukiitoa, usioshe sponji na mawe siku hiyohiyo, maana bakteria huwa wameshakaa hata kwenye kaboni. Ukianza tiba nyingine, mfuko utoke kwanza, la sivyo itameza dawa. Inayobaki ifunge kwenye chombo kisichopitisha hewa, mbali na rangi, mafuta ya taa na dawa ya mbu, kwa sababu inanyonya mivuke hiyo ikiwa kabatini kabla hata haijaona maji.