Niko sokoni Ilala, mtoto wa miaka 2 nimwache wapi?

MamaZai: Habari za humu. Nauza nyanya, mzigo unashuka saa 10 alfajiri. Mwanangu analala chini ya meza katikati ya matenga, nimemtandikia khanga. Wiki hii guta limepita jirani kabisa na miguu yake, moyo bado haujatulia. Dei kea ya mtaani wanataka 70,000 kwa mwezi na wanafungua saa 1. Wenzangu mnafanyaje?

Shangazi_Buguruni: Pole sana mwanangu. Sisi tulichanga wauzaji wanne tukamlipa mama mmoja jirani, anawapokea usiku usiku. Ila kabla hujamwacha, ingia ndani: angalia jiko liko wapi, ndoo za maji zina mifuniko, na analea wangapi peke yake. Akikuzuia mlangoni, ondoka na mwanao.

Kaka Mussa: Dada, pita pia kwa afisa ustawi wa jamii wa kata, uulize vituo vilivyosajiliwa. Akifika miaka 5, darasa la awali shule za serikali halina ada tangu 2016. Sare na madaftari utanunua.

MamaZai: Asanteni. Lakini hiyo miaka 3 hapo katikati ndiyo inayotuumiza. Soko linatutoza ushuru kila siku, kwa nini lisitenge hata chumba kimoja cha watoto? Shangazi, huyo mama bado ana nafasi?

Shangazi_Buguruni: Njoo inboksi.