Je, chuo kidogo cha kibinafsi jijini kinafaa kwa anayetaka kuwa mhasibu?

Swali, kutoka kwa Binti wa Kayole

Hamjambo wakubwa zangu. Nilipata alama ya wastani ya C katika KCSE, na kwa kuwa nimetaka kuwa mhasibu tangu nilipokuwa sekondari, nimeomba nafasi ya kusomea ATD, yaani stashahada ya ufundi wa uhasibu, katika chuo kidogo cha kibinafsi kilichoko kwenye orofa za juu za jengo moja katikati ya jiji la Nairobi, nami nimekubaliwa. Nilipokwenda kuchukua fomu nilionyeshwa madarasa machache na chumba kimoja cha kompyuta. Hakuna uwanja, hakuna bweni, na maktaba ni kabati moja la vitabu. Shangazi yangu ndiye atakayenilipia karo, naye anahofia kwamba pesa zake zitapotea, huku rafiki zangu waliopata nafasi katika vyuo vikuu wakiniambia kwamba mahali hapo hapastahili kuitwa chuo. Ningependa kusikia kutoka kwa waliosoma katika vyuo vya namna hii: masomo huendaje siku hadi siku, na mwajiri hukichukuliaje cheti cha aliyetoka huko?

Jibu, kutoka kwa Mhitimu, Umoja

Dada, nilisoma ATD kisha CPA, ngazi ya juu ya uhasibu, katika chuo kisichotofautiana sana na hicho unachokieleza. Nianze na suala la mwajiri, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Cheti cha ATD hakitolewi na chuo; hutolewa na kasneb, bodi ya mitihani iliyoanzishwa mwaka wa 1969, na aliyesomea chuo kikuu cha Strathmore, aliyesomea orofa ya tano mjini na aliyejisomea nyumbani hufanya karatasi ile ile. Kwa hiyo unachonunua kwa pesa za shangazi yako ni mafundisho, wala si jina, na ni katika mafundisho ambapo vyuo vidogo hutofautiana kama mbingu na ardhi.

Darasa letu la jioni lilianza saa kumi na moja na nusu, wakati makanga wanapoita abiria kule chini na muziki wa madukani umepandishwa, hivyo tulifunga madirisha hata siku za joto. Tulikuwa wachache kiasi kwamba mwalimu wetu wa uhasibu wa gharama hakuhitaji rejista: alimjua asiyekuja, na alimjua pia aliyekuwa akinakili kazi ya mwenzake. Alikuwa na desturi ya kutupatia swali la mtihani wa miaka iliyopita, kisha akazunguka dawati kwa dawati, na ukiwa umeandika tarakimu upande usiofaa wa leja hakukusahihisha, bali alikuuliza maswali hadi ulipoliona kosa mwenyewe. Sijui ni vipi jambo hilo lingewezekana katika ukumbi wenye mamia ya wanafunzi. Wenzangu wengi walikuwa watu wa kazi, miongoni mwao karani wa sacco, muuza vipuri kutoka Kirinyaga Road na mama mmoja aliyetunza hesabu za kanisa lake, na kwa kuwasikiliza wakieleza jinsi fedha zinavyopotea mahali ambapo kila mtu anamwamini mwenzake, nilielewa ukaguzi wa hesabu kabla sijaufikia katika silabasi.

Ukosefu wa maktaba haukutusumbua sana. Tulikwenda McMillan kwenye barabara ya Banda, maktaba iliyofunguliwa mwaka wa 1931, au ile ya kitaifa kule Upper Hill. Kilichotuumiza ni kuondoka kwa walimu. Wakufunzi wengi wa vyuo hivi hulipwa kwa saa, huhama kutoka chuo kimoja hadi kingine siku hiyo hiyo, na mmoja wao akipata kazi bora katikati ya muhula, somo lake husimama. Sisi tulipoteza mwalimu wa kodi namna hiyo; mwenye chuo aliahidi mwingine, majuma yakapita, na mwishowe tukaunda kikundi tukasoma wenyewe tukitumia Sheria ya Kodi ya Mapato na karatasi za zamani. Baadhi yetu tulifaulu, wengine wakalazimika kulirudia somo. Hivyo basi, kabla ya kuuliza kuhusu maktaba, uliza ni nani anayefundisha kila somo na amekuwa hapo tangu lini.

Jibu, kutoka kwa Mkufunzi, Ngara

Mwanangu, nakubaliana na aliyetangulia, ila nataka kukupambanulia jambo ambalo limewaumiza wanafunzi wangu kadhaa. Mtahiniwa wa kasneb hujisajili mwenyewe, huilipa bodi ada ya mtihani moja kwa moja, na nambari yake ya usajili hubaki kuwa yake hata chuo kikifungwa. Kozi za KNEC, yaani baraza la mitihani la taifa, na zile za TVET CDACC, baraza linalotahini mafunzo ya kiufundi, hazina utaratibu huo: chuo ndicho kinachowasajili watahiniwa, na ikiwa pesa ulizolipa ofisini hazikufikishwa kwa wakati, utagundua mtihani ukikaribia kwamba jina lako halimo. Nimewaona vijana wakilia kwa sababu hiyo, na hawakuwa na kosa lolote. Hakikisha basi kwa maandishi kwamba kozi unayoandikishwa ni ATD ya kasneb, kwa kuwa vipo vyuo vinavyotangaza stashahada ya uhasibu ilhali wanachotoa ni cheti chao wenyewe.

Tazama pia usajili wa chuo. TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya mafunzo ya kiufundi, iliundwa chini ya sheria ya mwaka wa 2013, na taasisi ya mafunzo ya kiufundi, iwe ya umma au ya kibinafsi, hairuhusiwi kufundisha bila kibali chake. Kisha nenda chuoni katikati ya muhula, saa ya somo, ukaombe kuketi darasani. Mwenye chuo anayeyaamini mafundisho yake hatakukatalia.

Alama yako isikuvunje moyo. Anayetoka kidato cha nne huhitaji C+ ili aingie CPA moja kwa moja, lakini aliyemaliza ATD hufunguliwa mlango huo huo.

Jibu, kutoka kwa Mzazi, Embakasi

Nina kijana katika taasisi ya umma, nami naona njia hiyo isipuuzwe. Kwa C yako unaweza kuomba nafasi kupitia KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, katika chuo kama Kabete National Polytechnic, ambako serikali huchangia gharama na mwanafunzi anaweza kuomba mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu, ilhali katika chuo cha kibinafsi shangazi yako ataubeba mzigo wote. Kijana wangu hulalamika kwamba darasa lao limejaa, na hilo silikatai. Hata hivyo ana uwanja, ana chama cha wanafunzi, ana marafiki kutoka kaunti nyingi, na kwa mtu wa umri wake mimi sioni kwamba hayo ni anasa.

Binti wa Kayole

Nawashukuru sana. Chuo kimeniambia kwamba nikilipa karo ya mwaka mzima kwa pamoja nitapunguziwa. Je, nimshauri shangazi akubali?

Mhitimu, Umoja

La, dada. Lipeni muhula kwa muhula, katika akaunti ya benki au nambari ya paybill yenye jina la chuo, wala si kwa simu ya mtu binafsi, na kila risiti uitunze. Mwalimu akiondoka, karo ambayo hamjalipa ndiyo sauti yenu pekee mbele ya mwenye chuo. Sisi tuliokuwa tumelipa yote hatukusikilizwa kama wale waliokuwa na salio. Mweleze shangazi pia kwamba ada ya usajili na ada za mitihani ya kasneb ni pesa mbali na karo, ili aanze kuziweka kando mapema.