Alama za wahakiki na za wachezaji: mwenye PS4 ya mtumba aamini zipi?

Kijana wa Kigamboni:

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wanaofuatilia uhakiki wa gemu kwa karibu, kwa sababu kila ninavyozidi kusoma ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa. Nina PS4 ya kawaida, si Pro, na muuzaji mmoja wa Kariakoo ana diski iliyotumika ya Cyberpunk 2077 kwa bei ninayoimudu. Kabla ya kulipa nilitafuta alama zake, nikakuta 86 kwa 100 mahali fulani, na 57 mahali pengine, huku wachezaji wengi wanaoandika siku hizi wakiihesabu miongoni mwa gemu bora za miaka hii.

Si hiyo peke yake. Black Myth: Wukong ya Agosti 2024 ina wastani wa 81 hivi kwa wahakiki, lakini kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, zaidi ya asilimia 95 ya waliotoa maoni wanaipendekeza. The Last of Us Part II ilipewa 93 na wahakiki mwaka 2020, ilhali wachezaji waliishusha chini ya 4 kwa 10 katika siku zake za kwanza. Sina fedha za kununua kwa kubahatisha. Je, niwasikilize wahakiki au wachezaji, na ni kweli kwamba wahakiki hulipwa na kampuni ili waandike mazuri?

Mzee wa Pedi:

Ndugu, alama zote mbili za Cyberpunk ulizoziona ni za kweli, ila hazizungumzii kitu kimoja. Hiyo 86 ni wastani wa Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, kwa toleo la kompyuta, na 57 ni ya toleo la PS4, yaani mashine uliyonayo wewe. Gemu ilipotoka tarehe 10 Desemba 2020, CD Projekt, kampuni iliyoitengeneza, ilikuwa imewapa wahakiki nakala za kompyuta tu, na hata video walizoruhusiwa kuonyesha kabla ya siku hiyo zilikuwa zile zilizoandaliwa na kampuni yenyewe. Sifa zilizosambaa wiki ile, kwa hiyo, zilitoka kwa watu waliochezea kompyuta, na wenye PS4 na Xbox One wakaja kugundua wenyewe, tena baada ya kulipa, kwamba picha zinakwama, watu wa mitaani wanatoweka mbele ya macho na gemu inajizima katikati ya kazi. Tarehe 14 Desemba kampuni iliomba radhi hadharani na kukiri kwamba haikuonyesha gemu ikichezwa kwenye mashine hizo kabla ya kuiuza. Siku nne baadaye Sony ikaiondoa kwenye PlayStation Store, nayo haikurudi humo hadi Juni 2021.

Sehemu inayokuhusu zaidi ndiyo hii. Sifa unazozisoma leo zinatokana kwa kiasi kikubwa na sasisho la 2.0 la Septemba 2023, ambalo lilifumua upya mfumo wa ujuzi wa mhusika na namna polisi wanavyokufuatilia, pamoja na nyongeza iitwayo Phantom Liberty. Vyote viwili havikutolewa kwa PS4, ambayo iliachwa kwenye masahihisho ya mfululizo wa 1.6. Ukinunua diski hiyo hutapata ile gemu iliyovunjika ya Desemba 2020, kwa kuwa mengi yalishatengenezwa, lakini pia hutapata ile ambayo watu wanaisifu. Isitoshe, kilichomo kwenye diski ni toleo la mwanzo, na masahihisho yote utayapakua kwa bando lako mwenyewe. Faida moja ipo: ukija kuhamia PS5 yenye nafasi ya diski, diski hiyohiyo itakufungulia toleo la PS5 bila malipo, utaratibu ulioanza Februari 2022.

Unaweza kuuliza kwa nini basi alama haikubadilika gemu ilipobadilika. Metacritic ina kanuni ya kuchukua alama ya kwanza ya mhakiki na kubaki nayo, hata kama baadaye ataipandisha. Wahakiki wenyewe hurudi nyuma mara chache. Mfano unaokumbukwa ni Prey ya mwaka 2017, ambayo tovuti ya uhakiki ya IGN iliipa 4 kwa 10 kwa sababu faili za hifadhi ziliharibika na kumzuia mhakiki asiendelee, kisha hitilafu iliporekebishwa wakaipa 8. Kwa maoni yangu ile 4 ilikuwa ya haki kwa mtu aliyekuwa ananunua siku ile, na ile 8 ilikuwa ya haki kwa aliyenunua mwezi uliofuata. Kwa hiyo, unapokuta namba yoyote, tafuta kwanza mhakiki alichezea mashine gani na lini.

Nyali Chezo:

Salamu kutoka Mombasa. Nakubaliana na Mzee wa Pedi, ila naomba kuongeza jambo kuhusu wastani wenyewe. Metacritic haijumlishi alama na kuzigawa kwa usawa, bali baadhi ya magazeti na tovuti hupewa uzito kuliko mengine, na uzito huo haujawahi kutangazwa. OpenCritic, iliyoanza mwaka 2015, hutumia wastani usio na uzito na huonyesha pia ni asilimia ngapi ya wahakiki wanaoipendekeza gemu, na kwangu hiyo ni wazi zaidi. Angalia pia rangi: kwenye Metacritic filamu hupata kijani, rangi ya alama nzuri, kuanzia 61, lakini gemu hadi ifike 75. Katika ulimwengu wa gemu 70 imekuwa kama aliyefeli, na ndiyo maana watu wanatukanana mitandaoni kwa sababu ya mhakiki aliyetoa 8 badala ya 9.

Namba hizi zina uzito hata kwa wanaotengeneza. Mwaka 2012, Chris Avellone wa kampuni ya Obsidian alieleza hadharani kwamba wangelipwa bonasi kwa gemu waliyoitengeneza, Fallout: New Vegas, iwapo ingefikia 85 kwenye Metacritic. Iliishia 84, na bonasi ikakosekana.

Sasa niwe mkweli: sisi wengi wa huku hucheza mpira, na kwa gemu za mpira nashauri uziache alama za wahakiki kabisa. Mhakiki wa EA Sports FC anaandika akiwa ameshacheza zile za miaka iliyotangulia, kwa hiyo anachopima ni mabadiliko, na mabadiliko yasipokuwepo anachoka. Wewe unayetaka kukaa sebuleni na wenzako wawili mkishindana kwa pedi unahitaji kujua vikosi vipya vimo na mchezo unaenda sawasawa bila intaneti. IGN waliwahi kuipa FIFA 21 ya Nintendo Switch alama 2 kwa 10 huku wakirudia maandishi ya uhakiki wao wa FIFA 20, kwa hoja kwamba gemu yenyewe ilikuwa ileile. Nilicheka, na sikuona kosa lao.

Mwana wa Maskati:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nyali, hapo kwenye mpira sikubaliani nawe moja kwa moja. eFootball 2022 ilipotoka tarehe 30 Septemba 2021, sura za wachezaji maarufu zilikuwa vichekesho, wachezaji walikuwa wakipenyana miilini, na ndani ya muda mfupi ikawa gemu iliyopewa maoni mabaya kuliko zote kwenye Steam, hadi Konami walioitengeneza wakaomba radhi. Safari ile wahakiki na wachezaji walisema neno moja, na aliyewasikiliza alijiokolea bando.

Turudi kwa muulizaji na suala la wachezaji. Ile asilimia ya Steam si alama ya ubora. Mtu anaulizwa kama anaipendekeza gemu au la, basi, na aliyeipenda kidogo anahesabiwa sawa na aliyeipenda hadi akakosa usingizi. Mhakiki aliyeipa Wukong 8 na mchezaji aliyebonyeza alama ya dole gumba juu huenda wana maoni yaleyale kabisa, ila mmoja anaonekana ametoa 80 na mwingine 100. Kuna pia suala la nani anayepiga kura: walioinunua gemu ya sokwe mfalme wa ngano za Kichina wengi wao walikuwa wakiisubiri kwa miaka, ilhali mhakiki hupangiwa kazi na mhariri wake.

Ninachokipenda Steam ni kwamba hutoi maoni bila kuwa na gemu yenyewe kwenye akaunti yako, na saa ulizocheza zinaandikwa pembeni ya maoni. Metacritic haikuwa na kizuizi cha namna hiyo, ndiyo sababu The Last of Us Part II, gemu inayochukua zaidi ya saa ishirini, ilipata maelfu ya sifuri siku ileile ilipotoka. Baada ya hapo waliweka kanuni kwamba mchezaji asubiri saa 36 kabla ya kutoa alama.

Hata hivyo, si kila wimbi la maoni mabaya ni uhuni. Mwezi Mei 2024 Sony ilitangaza kwamba wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima waunganishe akaunti ya PlayStation Network, wakati huduma hiyo haipo rasmi katika nchi zaidi ya 170. Sisi huku Oman tunayo, lakini Tanzania na Kenya hazimo, na gemu iliondolewa kwenye duka la Steam katika nchi hizo zote. Wachezaji waliandika maoni mabaya zaidi ya laki mbili ndani ya siku chache, na Sony ikaliondoa sharti hilo. Gemu yenyewe haikuwa imeharibika hata kidogo: mapigano yalikuwa yaleyale yaliyosifiwa Februari. Aliyetazama asilimia peke yake angedhani imeoza, lakini aliyesoma sentensi mbili tatu za maoni hayo angejua kama lile sharti linamgusa au halimgusi. Wa Dar es Salaam lilimgusa kweli.

Kijana wa Kigamboni:

Ahsanteni sana wakuu, nimeelewa kuliko nilivyotarajia, na hilo la sasisho la 2.0 kutofika kwenye PS4 muuzaji hakunidokezea. Naomba mnijibu pia lile swali la fedha, kwa kuwa vijana wa mtaani kwetu wanasema kwa uhakika kabisa kwamba alama 9 zinanunuliwa.

Mzee wa Pedi:

Bahasha ya fedha mkononi mwa mhakiki sijawahi kuiona ikithibitishwa, lakini shinikizo la matangazo limethibitishwa. Novemba 2007 mhakiki Jeff Gerstmann alifukuzwa kwenye tovuti ya GameSpot muda mfupi baada ya kuipa Kane & Lynch: Dead Men alama 6, wakati tovuti yote ilikuwa imepambwa kwa matangazo ya gemu hiyo. Mwaka 2012, alipokuwa huru kusema, alieleza kwamba uongozi ulikuwa umeshindwa kuhimili malalamiko ya watangazaji. Gumzo la mtaani kwenu halikuanza bure.

Linalotokea mara nyingi zaidi ni la kimyakimya: kampuni ndiyo inayoamua nani apate nakala mapema, ya mashine ipi, na ni siku gani uhakiki uruhusiwe kuchapishwa. Ukiona hakuna uhakiki wowote hadi gemu imeshaingia dukani, subiri. Silichukulii kuwa ushahidi wa hatia, kwa sababu Hollow Knight: Silksong ya Septemba 2025 nayo haikutolewa mapema kwa mhakiki yeyote, kwa maelezo kwamba isingekuwa haki wahakiki waicheze kabla ya mashabiki waliochangia mradi, na ilikuja kusifiwa sana. Kwa mwenye fedha ya diski moja, hata hivyo, kusubiri wiki moja hakuna hasara.

Kwa upande wa diski yako, mimi ningeiacha Cyberpunk hadi siku utakapokuwa na PS5. Ukitaka kitu cha PS4 ambacho wahakiki walikipima kwenye PS4 yenyewe, tafuta God of War ya 2018, yenye wastani wa 94, au The Witcher 3 ya 2015, yenye 92, ambayo imetengenezwa na CD Projekt haohao. Ghost of Tsushima ilipata 83 tu kwa wahakiki mwaka 2020, lakini wachezaji waliipenda zaidi, na hapo mimi niko upande wa wachezaji.

Nyali Chezo:

Ongeza Red Dead Redemption 2, yenye 97 kwenye PS4, kama unapenda hadithi ndefu na huna haraka. Kwa ya mtumba lakini chunguza kasha vizuri, kwa sababu toleo la PS4 lina diski mbili, moja ya kusakinisha na moja ya kuchezea, na wauzaji wengine hubaki na moja tu bila kukuambia.