Dar–Mwanza kwa ndege: jeti, Bombardier, ATR au ya kupitia KIA?

Kirumba_Juu
Wakuu, Dar hadi Mwanza angani ni kama km 850. Jeti inakimbia zaidi ya km 800 kwa saa, mbona ratiba inaandika dakika 90? Na ya kupitia KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) inamfaa mwenye kikao Mwanza saa nne asubuhi?

Pangaboi72
Mkuu, ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka maegesho hadi inapoegeshwa tena, si muda wa angani peke yake. Gawa umbali kwa kasi, kisha ongeza dakika 25 za kutambaa uwanjani, kupanda na kushuka. Jeti kama A220, gawa kwa 800: dakika 64, jumlisha 25, ndiyo 90 yako. Za pangaboi ni polepole zaidi: Bombardier Q400, gawa kwa 620, inafika 107. ATR 72 gawa kwa 500, utapata 127. Dar–Zanzibar tofauti hiyo karibu haipo. Kwa km 73 jeti haipati nafasi ya kufikia kasi yake.

Rada_ya_Ziwa
Kuhusu KIA, usiangalie ramani peke yake. Dar–KIA ni km 450, KIA–Mwanza 470, kwa hiyo unaongeza km 70 tu. Kinachokula muda ni kutua. Kwa jeti ni dakika 60 na nyingine 60, katikati unakaa chini kama 40: jumla 160. Abiria au mafuta yakichelewa KIA, unafika Mwanza na ucheleweshaji huo.

Kwa kikao hicho panda ya moja kwa moja, tena jioni ya kuamkia. Radi za ziwani hukomaa usiku hadi alfajiri, kinyume na za nchi kavu zinazokuja alasiri, na Machi hadi Mei ndege ya asubuhi inaweza kuzungushwa angani ikisubiri mvua ipite.

Shehena
Nakubali, ila ATR ina jambo lake: makabati ya juu ni madogo. Begi la magurudumu linaloingia vizuri kwenye jeti, hapo litachukuliwa mlangoni likawekwe shehena. Toa kwanza dawa, kompyuta na pawabenki, kwani pawabenki hairuhusiwi kwenye shehena.

Wa kurudi na sato: wagandishe hadi wawe mawe, funga nailoni mbili, tia kwenye boksi gumu lenye mfuniko. Usiweke barafu ya maji, ikiyeyuka boksi linavuja na mzigo unakataliwa kaunta. Barafu kavu (ya gesi ya kaboni, haitoi maji) mwisho kilo 2.5 kwa abiria, na shirika likubali kwanza.

Kirumba_Juu
Nimeelewa. Jeti ya jioni, moja kwa moja.

Pangaboi72
Soma saa ya tiketi vizuri. 18:10 ni saa kumi na mbili na dakika kumi jioni. Ukipata ya 00:40 Jumamosi, unatakiwa uwe uwanjani Ijumaa usiku. Wengi huja Jumamosi usiku, ndege ikiwa imeondoka usiku uliotangulia.